Arubaini ya Hifadhidata

Vijana wangu, niliwahi kusadiki, tena kwa moyo mkunjufu kabisa, kwamba kitu kikifutwa ndani ya hifadhidata hakiendi popote mpaka kitimize arubaini. Naam, arubaini hii hii tunayoijua, ya kusomwa hitima na watu wakala wakaomba dua. Aliyenieleza ni Khamis, mwenzangu wa dawati moja katika madarasa ya usiku. Mchana alikuwa akiuza chaja za simu Darajani, siku nyengine akimsaidia mwalimu wetu kuvuta nyaya za kompyuta, na jioni alikuja darasani kutufundisha sisi sote pamoja na mwalimu mwenyewe.

"Machano," aliniambia, huku anatafuna karanga zangu, "ukifuta kitu mule unadhani kimekufa? Hakijafa. Kimezimia. Kinakaa humo humo siku arubaini, na ukikiita kwa jina lake kinaitika. Zikishapita, basi tena, mwenyewe keshakwenda."

Mimi wakati huo nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, fundi wa mafriji niliyefungua mafriji yote ya Unguja na mengine mara mbili mbili, na bado nilimeza maneno hayo kama uji. Nilipenda adabu yake. Kitu kisiondoke ghafla duniani bila ya kuagwa. Nikaona, kumbe hata waliotengeneza kompyuta walilelewa vizuri.

Sasa nimestaafu. Nnakaa Kiembe Samaki, chini kabisa ya njia ya ndege, na ndege ikipita juu ya bati letu mke wangu husimamisha maneno yake katikati, akaisubiri ipite, kisha akaendelea kunilaumu pale pale alipoachia. Skuli yetu ya usiku imeniomba nikuandikieni nyinyi mnaoanza, na nikaambiwa niandike kitu cha kutia moyo. Nimejaribu. Nimekaa na kalamu wiki nzima, chai nimekunywa pipa, na cha kutia moyo hakikuja. Kilichokuja ni hiki.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa wale ambao jana tu ndio wameshika kibodi. Hifadhidata inajua lugha moja, ya majedwali na safu na mistari, na haina haja ya kujifunza nyengine. Programu yako nayo ina lugha yake. Zamani maneno ya hifadhidata tukiyaandika wenyewe, neno kwa neno, na ukisahau alama moja siku nzima imeliwa. Kisha zikaja hizi ORM. Hichi ni chombo kinachokaa katikati. Wewe unaandika "mpangaji", "chumba", "mkataba", kama vitu unavyovishika mkononi, na yeye anakwenda kuiambia hifadhidata kwa lugha yake na kukuletea majibu kwa lugha yako. Sisi darasani tulimwita Mkalimani.

Siku ya kwanza nilipomwona anavyofanya kazi nilitaka kumwozesha binti yangu.

Lakini Bi Rahma hakufurahi. Bi Rahma ndiye aliyekuwa mwalimu wetu, mwanamke mfupi wa Mbweni, sauti ndogo, jicho kubwa. Alikuwa na mtindo mmoja wa kazi ambao nakuombeni muushike hata kama mengine yote mtayatupa. Alikuwa hamruhusu Mkalimani aseme kwa siri. Kila programu aliyoiandika, kitu cha kwanza alifungua kile kidirisha kinachoonyesha maneno halisi yanayopelekwa kwa hifadhidata, mstari kwa mstari, akakaa anayasoma kama mtu anayesikiliza majirani ukutani.

"Huyu hana akili," alikuwa akisema. "Ana heshima tu. Utamwambia lolote atakwitikia. Sasa kule anakokwenda, unajua kasema nini?"

"Kasema nilichomwambia, Bi."

"Kasema alivyokufahamu. Hebu mfungue tumsikie."

Nikikupeni mfano mtacheka. Kuna familia moja ya mjini, jina lake nalihifadhi, iliyokuwa na wakfu wa nyumba za kale Mji Mkongwe, na wapangaji wake ni watu wa hali ya kawaida. Mimi niliwaandikia mfumo wa kuweka vyumba na mikataba. Ukurasa wa kwanza nilioutengeneza ulionyesha wapangaji wote na vyumba vyao. Msimamizi wa wakfu akaubonyeza, akaona haufunguki, akatia udhu, akenda msikitini, akasali, akapiga soga barazani, akarudi, bado unazunguka. Nami nnakwambieni alipita na kunyoa.

Bi Rahma alipokuja akafungua kidirisha chake. Jamani! Mkalimani alikwenda kwa hifadhidata kuuliza wapangaji ni nani. Akarudi. Kisha akenda tena kuuliza chumba cha wa kwanza. Akarudi. Akenda tena kuuliza cha wa pili. Ni mtu aliyetumwa sokoni kununua tungule, akanunua moja, akaileta nyumbani, akaiweka juu ya meza, akarudi sokoni kununua ya pili.

"Ulimwambia alete wapangaji," Bi Rahma alisema. "Hukumwambia aje na vyumba vyao."

"Sasa si angeuliza?"

"Machano. Nshakwambia. Hana akili, ana heshima."

Nikaongeza neno moja, na ukurasa ukafunguka kabla sijaondoa kidole. Somo hilo nilisomeshwa mara moja likanikaa. Lililonishinda ni jengine, na ndilo lililonifanya niiache kazi hii, ingawa watu nnawaambia ni macho.

Pale Uroa, pwani ya mashariki, kulikuwa na hoteli ambayo Bi Rahma aliiandikia mfumo wa wageni, na baadaye kazi ya kuuangalia akanipa mimi. Meneja wake alikuwa na hasira ya pilipili mbuzi. Mgeni akilalamika chai ya baridi, meneja anakwenda kwenye kompyuta anamfuta. Kesho yake mgeni anasimama mapokezi na mabegi yake, na kwenye mfumo hayumo, hajazaliwa. Siku moja akanipigia simu kwa sauti ya kilio: kafuta familia nzima ya watu, na watu wenyewe wako njiani. Nikampigia Bi Rahma. Alikuwa jikoni, mafuta nnayasikia yanachachatika.

"Nenda kwenye ukurasa wa chini, pana kitufe cha kurejesha," alisema. "Kibonyeze. Ntakupigia, samaki wangu wanaungua."

Nikabonyeza. Wakarudi wote, baba, mama, watoto, mpaka yule bibi yao aliyeomba chumba kisicho na ngazi. Nikasimama mapokezi pale nikasema kwa sauti: Khamis, Mungu akupe maisha marefu! Arubaini ipo kweli! Tokea siku hiyo, mtu angenionyesha kitabu kinachosema vyengine ningemwambia kitabu kimekosea chapa.

Haya, turudi mjini kwenye wakfu.

Katika kumwelekeza Mkalimani lazima umwambie nani yuko chini ya nani. Sisi tuliweka mpangaji mkuu juu. Chini yake tukamweka mkewe, watoto wake, mkataba wake, na picha ya mkataba. Mkalimani ana suali moja hapo, na ni suali kubwa kuliko yote mtakayoulizwa katika kazi hii: akifutwa wa juu, hawa wa chini niwafanyeje? Unaweza kumwambia azuie, yaani asikubali kumfuta wa juu maadamu chini pana watu. Unaweza kumwambia awaache, wabaki bila ya mkubwa. Au unaweza kumwambia awafute wote, mmoja baada ya mwengine, mpaka chini.

Tulikaa kikao, mimi, msimamizi, na karani wake. Msimamizi akatoa hoja, tena nzuri. "Mpangaji akihama, anahama na watu wake. Majina ya watu walioondoka tunayahifadhi ya nini?" Tukakubaliana: futa wote. Ni neno moja tu katika programu. Watu wazima watatu tumekaa pale, kila mmoja wetu keshazika wazazi wake, na hapana hata mmoja aliyekumbuka kwamba mpangaji anaweza pia kufa.

Na makaratasi? Mengi yalikuwa yameshaliwa na mchwa. Yaliyobaki yalitupwa siku mfumo ulipozinduliwa, kwa sambusa na juisi ya ukwaju. Nilipiga makofi mimi mwenyewe.

Kisha akafariki Maalim Haji. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, akikaa na mkewe Bi Zuhura ghorofa ya pili katika nyumba moja ya wakfu kule Kiponda. Walikuwa hawana mtoto. Karani wa wakfu alikwenda mazikoni, akalia, akarudi afisini, na kwa kuwa ni mtu mwangalifu akafungua mfumo aweke mambo sawa. Akatafuta penye kuandika kwamba mpangaji amefariki. Hapana. Hatukuweka. Pana "futa". Akabonyeza.

Mkalimani akaitika kwa heshima zake. Akamfuta Maalim Haji. Akamfuta Bi Zuhura. Akaufuta mkataba na picha ya mkataba. Kisha mfumo, kwa ufundi ambao nilijisifia mji mzima, ukaona chumba ni kitupu, ukachukua jina la kwanza la watu wanaongoja nyumba, ukatoa mkataba mpya. Msimamizi akatia saini na muhuri pamoja na mikataba mengine ya siku hiyo.

Mimi nilikuwa Uroa simu ilipolia. Ni Mbarouk, ndugu yake Bi Zuhura.

"Machano, kuna watu huku wanapima dirisha."

"Dirisha la nani?"

"La dada yangu! Yumo ndani, kakaa eda, na mtu na mkewe wamesimama ukumbini wanapima pazia!"

Si watu wabaya, msiwadhanie. Walikuwa na mkataba mkononi, na waliposikia mna mjane ndani mwanamke alilia kuliko wenyewe. Wakaondoka, wakaahidi kurudi mambo yakishawekwa sawa.

Kesho yake nikenda Kiponda. Mwanamke wa eda haonani na wanaume wa kando, kwa hivyo nilisimama kwenye ngazi, yeye yuko juu nyuma ya pazia, na Mbarouk kakaa kwenye kidato kati yetu, magoti yanamcheza kwa hasira.

"Hodi, Bi Zuhura. Shikamoo."

"Marahaba. Sema hapo hapo, nnakusikia. Wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo mashine?"

"Mimi ndiye."

"Basi iambie mimi sijafa."

Nikavua kofia yangu.

"Aliyekufa ni Haji," alisema. "Mimi nipo. Nnakohoa, nnakoroga uji wangu, nipo. Haji kafia kitanda hichi. Eda yangu ntaimaliza wapi mimi, kama si humu?"

"Humu humu, Bi. Hutotoka."

"Mbarouk anataka kwenda kwa kadhi leo hii, na kwa wale watu pia, awaambie wasirejeshe ufunguo wa huko wanakokaa."

Hapo, vijana wangu, nikajiona mjuzi. Nikaona kifua kimetanuka. "Hapana haja ya kusumbua watu, Bi Zuhura. Majina yenu hayajapotea, yamelala tu. Yana muda wake mule ndani. Nna kazi kidogo Uroa, wageni wanaingia. Nikimaliza ntakuja kuyaamsha, na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa."

"Hakika?"

"Nimeshaona kwa macho yangu haya."

Kisha akasema, "Nimekuamini. Mbarouk, kaa chini."

Na Mbarouk, aliyekuwa keshasimama, akakaa.

Nikarudi Uroa. Kazi ilinichukua wiki na ushei. Sikuharakisha, mtu ana arubaini nzima mfukoni, aharakishe ya nini? Na hapa pana jambo ambalo mimi nililijua, maana ni mimi niliyelipanga. Mfumo wa wakfu ulikuwa ukijichukulia nakala ya akiba kila Alkhamisi, na kwa kuwa diski ilikuwa ndogo, nakala mpya iliandikwa juu ya ile ya zamani. Siku niliposimama kwenye ngazi ya Kiponda, nakala yenye jina la Bi Zuhura ilikuwa bado iko salama afisini, mwendo wa kumaliza sigara. Nilipita mlangoni pa afisi hiyo nikenda kupanda gari ya Uroa. Alkhamisi ikaja, ikapita.

Niliporudi nikaketi mbele ya kompyuta ya wakfu, karani kasimama nyuma yangu, msimamizi anazungusha tasbihi. Nikatafuta kitufe cha kurejesha. Hapana. Nikasema haidhuru, ntamwita mwenyewe kwa Mkalimani. Nikamwita Maalim Haji. Hakuna. Nikamwita Bi Zuhura. Hakuna. Nikafungua kidirisha cha Bi Rahma nimsikie Mkalimani anasema nini, na alikuwa anasema vizuri kabisa, kila neno mahali pake, na hifadhidata inamjibu kila mara lile lile: mistari sifuri.

Msimamizi akasema, "Machano, Zuhura namjua tokea mimi mdogo, kanitia viboko vya kutosha. Lakini wale watu wana mkataba wenye saini yangu. Nionyeshe wa kwake wa kabla, niufute huu. Nionyeshe chochote."

Majirani waliapa. Yeye mwenyewe yuko tayari kuapa. Mbarouk akenda kwa kadhi, lakini sasa wale watu wapya walikuwa wamesharejesha ufunguo wa walikokuwa wakikaa, na chumba chao cha zamani kimeshaingia mtu. Vitanda vyao viko uchochoroni, na mvua imeanza. Ungemtoa nani? Wiki moja nyuma ingekuwa neno la kumaliza kwa kikombe cha kahawa. Mbarouk hakunitukana. Aliniambia, "Mimi nilikuwa nshasimama," akaniacha hapo.

Bi Zuhura alihamia kwa Mbarouk, Mbweni, eda ikiwa haijafika hata nusu. Waliisogeza gari mpaka kwenye kizingiti cha mlango, wanawake wakashika kanga huku na huku, akapita katikati asionwe na mtu. Kitanda hakikutoka. Fundi alikiunga ndani ya chumba, na ngazi zile ni nyembamba; kingetolewa kwa msumeno tu, naye hakutaka kikatwe. Kimebaki, wanakilalia wale wapya. Eda yake aliimaliza katika chumba ambamo mumewe hakuwahi kulala hata siku moja, na baada ya hapo hakukaa sana duniani.

Nataka kukwambieni kwamba nililipata somo nikalitia kazini, mambo yakawa mazuri. Nililipata. Niligeuza lile neno moja, nikaandika azuie badala ya afute. Nikaweka mahali pa kuandika kwamba mtu amefariki. Nikanunua diski kubwa. Kila nilipopewa mfumo wa mtu mwengine kuuangalia nikakimbilia kwanza pale penye suali lile, na nusu ya mara nilikuta "futa wote", limeandikwa na mtu mwenye akili, mchana kweupe, katika kikao cha watu wazima. Nikiwaambia waligeuze wananijibu watalishughulikia. Na nyinyi siku hizi hata Mkalimani hamumwandikii wenyewe. Mnaiambia mashine nyengine ikuandikieni. Mmemtafutia Mkalimani mkalimani wake. Nani atafungua kidirisha awasikilize wote wawili? Nnaandika haya na simuoni.

Bi Rahma alikuja kuniangalia hapa Kiembe Samaki, baada ya habari kumfikia. Alikaa kwenye kiti kile cha ukindu, nikamsimulia yote, mpaka kitanda. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Siku ile uliyozungumza naye kwenye ngazi, nakala ilikuwepo. Kwa nini hukwenda papo hapo?"

"Nilijua zipo siku arubaini, Bi."

"Arubaini gani?"

Nikamweleza. Khamis na karanga zangu, meneja wa Uroa, ile familia iliyorudi na bibi yao. Akaanza kucheka, akidhani ni moja ya chumvi zangu. Kisha akanitazama usoni, akaacha. Ndege ikapita juu ya bati, tukaisubiri sote wawili.

"Machano," alisema, "ile ya Uroa niliiandika mimi. Yule meneja ana hasira, nikaona bora kitufe chake kisifute, kitie alama tu, na programu ije isafishe baada ya siku arubaini. Khamis alikuwepo ananivutia nyaya. Ningependa ningeandika siku kumi. Hifadhidata yenyewe haina arubaini. Ukiiambia futa, imeshafuta."